Chupa ya Meno

Pini ya klachi ilikatika kabla hatujafika Suusamyr.
Ikadondoka lamini, ting,
pedali ikalala sakafuni kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa.
Nyuma nina ndoo themanini za asali ya Toktogul,
mbele kuna mlima, na karibu na kilele handaki,
na mwanangu Nurdin ananiuliza, "Sasa?"

Sasa tunaendelea.

Mjomba Saparbai aliuacha mguu wa kushoto Afghanistan,
akarudi na medali moja na magongo mawili.
Walimnyima leseni. Akacheka, akapanda lori.
Lori hilihili la ZIL, wakati ule bado la buluu,
pedali tatu, na yeye mguu mmoja.
"Ile ya kushoto," alisema, "ni ya wageni."

Alinifundisha mkono wangu ukiwa juu ya gia,
na wake juu ya wangu, unanuka tumbaku na dizeli ya watu wengine.
Usiutazame mlima. Sikiliza.
Punguza mafuta, kidogo tu,
gia italegea yenyewe kama jino la mtoto: livute.
Sasa uko katikati, na hapo hapana kitu.
Hushiki, hushikwi.
Magurudumu yana safari yao, injini ina yake.
Ngoja.
Acha sauti ishuke, ishuke, hadi zile safari mbili ziwe moja,
kisha sukuma kwa vidole viwili.
Ikikubali hutasikia chochote.
Ikikataa utasikia ukoo wako mzima ukisaga meno.

Kurudi gia ya chini ni vingine:
pale katikati uipige injini mafuta, pigo moja,
ipande juu kuilaki gia inayokuja,
na usichelewe, maana mlimani
anayengoja sana anarudi alikotoka, kinyumenyume.

Tukapanda hivyo. Nne, tatu. Tatu, mbili.
Nurdin kashikilia dari kana kwamba ndiyo itakayoanguka.
Kwenye kona ya tisa, kondoo:
mia tatu, na mbwa asiye na haraka,
na mchungaji juu ya farasi akituamkia kwa mjeledi.
Nikazima.
Nikaweka gia ya kwanza lori likiwa limekufa,
nikangoja mkia wa mwisho upite,
nikageuza ufunguo.
Betri ikazivuta zile tani zote peke yake, maskini,
lori likaruka, likakohoa, likashika.
"Mama," akasema Nurdin. Basi, hilo tu.

Ndani ya handaki, gizani, mbili kwenda tatu,
nikasikia: kra.
"Nini hiyo?"
"Asali."

Mjomba alipokufa, shangazi Kanykei alinipa chupa,
ya jamu ya aprikoti, nzito isivyo kawaida.
Ndani mlikuwa na meno ya gia,
yamevunjika, yamesafishwa kwa petroli,
kila moja limefungiwa kikaratasi chenye mwaka.
1984. 1984. 1984. 1984.
1985, mawili.
1991.
Halafu hakuna.
Nami miaka yote nilidhani alizaliwa nayo,
kwamba chuma kilimwonea huruma.

Kara-Balta, fundi Yusup alimwaga oili kwenye karai,
akapitisha sumaku, akanipa kipande
chembamba kama ukucha wa kitoto kichanga.
Pini mpya alifunga kwa dakika kumi,
bei yake haikufika ya chai na mkate.
"Kanyaga," akasema.
Nikakanyaga. Gia ikaingia,
laini, bila kuniuliza lolote.

Usiku ule niliishusha chupa kutoka rafuni.
Kalamu aliishika Nurdin.
Akauliza tuandike mwaka tu, au na jina.